Kikosi na Kikoa: Juu ya Kufananisha Timu ya Mpira na Udugu wa Wapiganaji wa Kale

Katika masimulizi ya michezo hakuna mfano uliozoeleka kuliko ule unaoifanya timu kuwa jeshi. Mtangazaji wa redio anapoeleza mechi ya Jumapili, kikosi huingia uwanjani, washambuliaji huivamia ngome ya wapinzani, kombora hupigwa kutoka mbali, nao walinzi hujihami mpaka dakika ya mwisho. Msikilizaji aliyeko Lubumbashi, Bukavu au Kigoma haoni ajabu yoyote, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kupoa kinywani. Wako hata hivyo waandishi wenye elimu wanaoupeleka mfano huo mbali zaidi. Wao husema kwamba timu ya mpira ni mrithi wa udugu wa wapiganaji wa zamani, yaani vijana waliokula pamoja, wakaapa pamoja, wakawa tayari kufa pamoja. Kijana wa leo, wasema, amenyimwa vita na amani ya miji, basi huitafuta uwanjani ile raha ya kusimama bega kwa bega na wenzake mbele ya adui.

Mfano huo una ukweli ndani yake, na ndiyo sababu unadumu. Lakini haujapimwa vya kutosha. Wanaoutumia hulinganisha sura na sura, jezi na sare, nahodha na kamanda, wala hawaulizi udugu wenyewe ulijengwa kwa kitu gani, na ulielekezwa dhidi ya nani. Tena maneno kama “kijana aliyenyimwa vita” huenda yakasomwa kwa utulivu katika miji ya Ulaya ya magharibi. Katika Kongo, ambako tangu 1996 vijana wengi wa mashariki hawajanyimwa vita hata kidogo, msomaji ana haki ya kuushika mfano huo na kuugeuzageuza kabla ya kuupokea.

Inafaa kuanza na maneno, maana ndiyo ushahidi ulio karibu. Kikosi, ngome, kombora, kushambulia, kuvamia: asili ya hayo ni vita, hapana ubishi. Lakini nahodha je? Neno hilo lilifika pwani kutoka Uajemi, nalo lilimtaja mkuu wa chombo baharini, mtu anayejua pepo na miamba na anayewajibika kwa mizigo na roho za abiria. Waswahili walipohitaji jina la kiongozi wa wachezaji hawakwenda kambini, walikwenda bandarini. Katika Katanga neno kapita, lililotoka kwa Wareno, lilikuwa jina la msimamizi wa kazi, wala si la ofisa wa jeshi. Mwamuzi ni mtu wa baraza. Mkwaju ni mti kwanza, kisha ni fimbo iliyokatwa katika mti huo, kisha ndipo ukawa pigo la penalti. Mchezaji naye alicheza ngoma muda mrefu kabla hajaugusa mpira.

Hata maneno makuu mawili yenyewe hayatoki vitani. Timu ni neno la Kiingereza, na katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la wanyama waliofungwa nira pamoja wavute plau au gari. Ekipi, kama wasemavyo watu wengi wa Lubumbashi, ni neno la Kifaransa lililotokana na kazi ya kuitayarisha meli kwa safari. Basi ukiyakusanya maneno yote ya mchezo huu, utaona kwamba jeshi limetoa maneno ya kupiga na kupigwa tu. Maneno ya kuwa pamoja yametoka chomboni, shambani, kazini na katika ngoma. Mgawanyo huo unastahili kuangaliwa vizuri zaidi kuliko ulivyoangaliwa hadi sasa.

Je, wapiganaji wa kale wenyewe walijengaje udugu wao? Mfano unaotajwa sana ni wa Sparta. Plutarch, katika maisha ya Lycurgus, anaeleza meza za pamoja ambazo kila mwanamume raia alipaswa kula. Meza moja ilikuwa na watu kama 15. Kila mmoja alileta kila mwezi unga wa shayiri, divai, jibini, tini na fedha kidogo za kitoweo. Kijana alipoomba kuingia, wanachama walitupa kila mtu tonge la mkate katika bakuli lililobebwa kichwani na mtumishi. Aliyemkataa mwombaji aliliminya tonge lake kwa nguvu kabla ya kulitupa, na tonge moja lililominywa lilitosha kumfungia mlango. Watu waliokula hivyo pamoja ndio waliosimama pamoja katika safu ya vita. Udugu wa Sparta, basi, ulianzia kwenye chakula na mchango.

Kiswahili kina neno kamili kwa jambo hilo, nalo ni kikoa: chakula kinacholiwa kwa shirika, kila mtu akitoa sehemu yake au wote wakiandaa kwa zamu. Si neno la jeshi. Vijana wa hirimu moja walikula kikoa, wanawake wa mtaa walikula kikoa, mabaharia na wavuvi vilevile. Mtu akiingia katika kambi ya timu siku mbili kabla ya mechi kubwa, atakachokiona si kikosi. Ataona sahani, zamu, miiko, mzee anayewatazama vijana wasitoroke usiku, na mmoja anayenuniwa kwa sababu hakutoa alichopaswa kutoa. Ni kikoa.

Historia ya vilabu vya Lubumbashi inaunga mkono usomaji huo. Viwili vilivyo vikubwa vilizaliwa mwaka mmoja, 1939. Kimoja kilianzishwa na mapadre Wabenedikto, kikaitwa Saint-Georges, jina la mtakatifu aliyekuwa askari. Kingine, Saint-Éloi Lupopo, kilishikamana na wafanyakazi wa reli, kikajiweka chini ya mlinzi wa wahunzi na mafundi wa chuma. Inachekesha kidogo kwamba kile chenye jina la askari hakikudumu nalo. Kilibadili jina, baadaye kikaitwa Englebert, ambalo ni jina la matairi, na mwishowe kikawa TP Mazembe. Parokia, karakana, kiwanda: hapo ndipo watu waliposhirikiana kwanza, na mpira ukawakuta wamekwisha kuwa pamoja.

Mpaka hapa mfano wa timu na udugu wa kale umeshika, ingawa si kwa sababu walizozitaja wenye mfano. Unaposhika, hata hivyo, unadai uchukuliwe pamoja na upande wake wa giza, nao wenye mfano hawautaji kamwe. Meza za Sparta zililishwa na mashamba yaliyolimwa na maheloti, watu waliotiwa utumwani katika nchi yao wenyewe. Na Plutarch, akimtegemea Aristotle, anasema kwamba kila mwaka wakuu wa Sparta waliwatangazia maheloti vita rasmi, ili kuwaua kusihesabiwe dhambi. Raia aliyefilisika akashindwa kutoa mchango wa meza aliupoteza uraia wake. Aristotle aliulaumu mpango huo waziwazi. Kwa hiyo undugu ule ulikuwa na ukuta. Ndani mlikuwa na watu sawa, na nje ya ukuta, hatua chache tu, mlikuwa na watu wanaoweza kuuawa.

Fasihi ya Kiswahili inalijua giza hilo, tena inalitazama kutoka ndani. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa kwa mkono wa Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mfalme anayemwogopa Liyongo hatumi jeshi kumkabili. Anatuma marafiki. Watu wa mwituni wanajenga urafiki naye, kisha wanamwalika kula kikoa cha makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu yake, awaangushie wenzake matunda. Hila ni kwamba zamu ya Liyongo ikifika, naye akiwa juu, mikono yake imeshika mti, watamwua kwa mishale. Liyongo anaitika zamu yake, lakini hapandi. Anachukua upinde na kuyapiga makoma kwa mishale mpaka yanadondoka ya kuwatosha wote.

Kisa hiki husomwa kwa kawaida kama sifa ya ulengaji na werevu wa shujaa, na walimu wengi huishia hapo. Kinasema zaidi. Kikoa ni mahali ambapo mtu huwapa wenzake mgongo. Anayepanda mti hana silaha. Waliobaki chini wanazo. Bila hatari hiyo hakuna udugu, kuna watu waliokaa karibu tu. Liyongo ametoa mchango, kila mtu amekula, ila hakuutoa mwili wake. Na tangu siku ile yeye ni mtu peke yake. Wala haponi. Anayemwua hatimaye ni mwanawe, aliyeahidiwa binti wa mfalme, kwa sindano ya shaba kitovuni, mahali ambapo baba mwenyewe alimfunulia siri. Mtunzi haoni njia ya katikati: ukipanda utauawa na marafiki, usipopanda utauawa na mtoto wako.

Tazama sasa uwanja wa mpira. Watangazaji wa Kiswahili husema beki “amepanda”, yaani ameacha nafasi yake akaenda mbele kushambulia. Anapopanda, nyuma yake ni wazi, na mwingine hana budi kushuka aizibe. Mchezo mzima ni mkoma unaopandwa kwa zamu. Aliyeko juu hawezi kugeuka kila hatua atazame kama wenzake wamesimama mahali pao, lazima aamini. Hapo ndipo timu inapofanana kweli na wapiganaji wa kale, na kufanana huko hakumhitaji adui hata kidogo, kwa kuwa kunahusu mgongo na wala si uso.

Kwa habari ya uso, yaani mpinzani aliyeko mbele, mambo ni mengine kabisa, na hapo mfano unavunjika. Homer, mshairi wa vita kuliko wote, aliliona hilo. Kitabu cha 23 cha Iliad kinasimulia michezo iliyofanywa na Achilles kwa heshima ya maziko ya rafiki yake Patroclus. Wapiganaji walewale, waliotoka kuua, sasa wanashindana: magari ya farasi, ngumi, mieleka, mbio. Kila jambo ambalo katika vitabu vilivyotangulia lingeleta mauti, hapa linakatizwa. Ajax na Odysseus wanashikana mieleka mpaka mbavu zinalia, na Achilles anawaachanisha akiwapa zawadi sawa. Ajax na Diomedes wanapigana kwa silaha, na mara watu wanapomhofia Ajax wanapiga kelele pambano lisimame. Antilochus anampita Menelaus kwa hila katika njia nyembamba. Menelaus analalamika, kijana anamrudishia jike la farasi alilolipata, naye Menelaus, akiisha kupewa haki yake, anamwachia. Katika vita vyote vya Troya hakuna mtu anayerudishiwa kitu kwa namna hiyo.

Tena washindani wote ni wa upande mmoja. Hakuna Mtroya uwanjani. Kwa Homer, kushindana ni jambo linalowezekana kati ya watu ambao hawatauana, na mauaji huwekwa nje ya kamba. Huenda ikajibiwa kwamba hiyo ni michezo ya mtu mmoja mmoja, si ya timu. Jibu ni sahihi, na Sparta iliijua michezo ya timu pia: Pausanias anasimulia jinsi vijana walivyogawanywa makundi mawili, wakavuka madaraja mawili hadi kisiwa chenye miti, wakapigana kwa mikono, mateke na meno mpaka kundi moja likaanguka majini. Lakini hao nao walikuwa watoto wa mji mmoja, waliochanjwa na malezi mamoja. Jambo ni lile lile.

Hakuna haja ya kubaki Ugiriki. Afrika ya Mashariki ilikuwa na daraja lake kati ya jeshi na mchezo, nalo ni ngoma ya Beni. Ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikiiga bendi za kijeshi za Wazungu: tarumbeta, gwaride, sare, vyeo. Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skotchi. Upande wa Tanganyika ya Wadachi palikuwa na Marini na Arinoti, na baada ya vita vya 1914–1918 askari na wapagazi waliorudi makwao wakaisambaza barani, hata ikafika migodi ya Katanga. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali, hata daktari. Kikoa chake kilikuwa kikali: mwanachama aliuguzwa, alizikwa, alichangiwa na wenzake. Serikali za kikoloni ziliingiwa na wasiwasi, zikidhani jeshi la siri linaundwa mbele ya macho yao.

Wasiwasi huo ulitokana na kusoma vibaya. Maofisa waliona sare wakadhani wameona vita. Hawakuona kwamba kitovu cha Beni kilikuwa mashindano, na mashindano hayangewezekana bila chama cha pili. Marini bila Arinoti ni watu wanaotembea barabarani na tarumbeta. Mpinzani alihitajika awepo, aone, agharimike, ashindwe leo, arudi mwaka ujao na nguo nzuri zaidi. Waliomaliza mali yao katika Beni waliimaliza kwa karamu na mavazi. Kama mpira wa miguu wa miji yetu una babu wa Kiafrika, babu huyo ni Beni, si safu ya mikuki. Na kinachosikitisha ni kwamba makala nyingi za michezo humrukia Mgiriki na Mzulu zikampita huyu aliyekuwa mtaani hapo hapo.

Lugha yenyewe ilimtunza babu huyo katika neno moja. Tanzania, vilabu vya Simba na Yanga vinapokutana, magazeti husema “watani wa jadi”. Si mapambo. Utani ni mpango wa zamani wa makabila na koo: mtani humtukana mtani wake bila kuchukiwa, humnyang'anya kitu bila kushtakiwa, na siku ya msiba ndiye anayekuja kuzika na kuwachekesha wafiwa. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba utani mwingi uliota mahali palipopiganiwa, kama ule wa Wangoni na baadhi ya majirani waliopambana nao karne ya 19. Utani, kwa maneno mengine, ni kile ambacho vita hugeuka kuwa pale watu wanapoamua kuendelea kuishi karibu karibu. Na vilabu vyenyewe ni ndugu kwa asili: Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikatoka ubavuni mwake mwaka uliofuata, ingawa jina la Simba halikuja ila 1971.

Sasa neno hilo lina mshindani. Husikika zaidi na zaidi “mahasimu wa jadi”. Hasimu katika Kiarabu alikuwa mwenzako katika kesi, mtu wa upande wa pili mbele ya kadhi. Katika Kiswahili cha leo amekuwa adui tu, kadhi ameondoka. Mwanaisimu atasema kwamba visawe hubadilishana nafasi kila siku na hakuna la kuhofia. Lakini mtani na hasimu si visawe. Mtani atakuja mazishini kwako.

Tofauti hiyo hupimika vizuri katika jambo la kuhama. Mwaka 2011 Simba na TP Mazembe zilikutana katika mashindano ya mabingwa wa Afrika. Mwaka huo huo Mbwana Samatta, aliyekuwa mshambuliaji wa Simba, akahamia Mazembe, na mwaka 2015 akatwaa nayo kombe hilo. Lubumbashi ilimpokea kama mtoto wake, na Dar es Salaam haikumhesabu kuwa amekufa. Katika udugu wa wapiganaji kitendo hicho kina jina moja, nalo ni uhaini. Kikosi Kitakatifu cha Thebes, watu 300 waliopangwa jozi jozi za wapendanao, hakikuhamisha mtu. Plutarch anasema Pelopidas aliwaweka pamoja badala ya kuwatawanya, akiwafananisha na farasi ambao hukimbia vizuri zaidi wakifungwa gari moja, mfano unaokaribia sana maana ya kale ya neno timu. Waliishinda Sparta huko Leuctra mwaka 371 kabla ya Kristo. Mwaka 338 huko Chaeronea walikufa mahali waliposimama, mbele ya jeshi la Filipo wa Makedonia. Sanamu ya simba ilisimamishwa pale, na wachimbaji wa karne ya 19 walikuta chini yake mifupa ya watu 254.

Ni nini hutokea basi mfano unapoaminiwa kikamilifu, yaani timu inapotendewa kama jeshi? Wakongo hawana haja ya kukisia. Mwaka 1974 Léopards wa Zaïre, mabingwa wa Afrika, walikwenda Ujerumani ya Magharibi kwa Kombe la Dunia. Walifungwa 2–0 na Scotland, kisha 9–0 na Yugoslavia. Katika mechi ya tatu, Brazil ikijiandaa kupiga mpira wa adhabu, beki Mwepu Ilunga alichomoka ukutani akaupiga mpira mbali kabla haujaguswa. Ulimwengu ulicheka miaka mingi, ukisema Mwafrika hajui sheria. Yeye mwenyewe alieleza baadaye katika mahojiano kwamba sheria aliijua vizuri sana. Kwamba fedha zao hawakuzipata, na kwamba walikuwa wametishwa na watu wa rais: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu wasitazamie kurudi nyumbani salama. Matokeo yalikuwa 3–0. Kwa mtawala yule kushindwa uwanjani kulikuwa usaliti vitani. Alikuwa ameusadiki mfano neno kwa neno, na waliolipa ni vijana waliokwenda kucheza.

Upo mwendo mwingine, ulio mbaya zaidi, wa kutoka uwanjani kwenda vitani. Željko Ražnatović aitwaye Arkan, kiongozi wa mashabiki wa Red Star ya Belgrade, aliunda mwaka 1990 kundi la wapiganaji, na wengi wa watu wake wa kwanza aliwatoa katika mashabiki hao. Matendo yao katika Kroatia na Bosnia yanajulikana. Karibu zaidi na Kongo, watafiti kadhaa wameandika kwamba Interahamwe, walioshiriki mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994, walikuwa na chimbuko mojawapo katika vilabu vya vijana mashabiki wa mpira. Jina lenyewe linaumiza masikio ya msemaji wa Kiswahili, kwa sababu -hamwe ni “pamoja” yake: ha- ni pa-, na -mwe ni moja. Wanaoshambulia pamoja.

Kitu kimoja huelekea kusahauliwa katika visa hivyo viwili: makundi hayo yalichotwa jukwaani, kati ya watazamaji. Mchezaji humgusa mpinzani wake dakika 90. Humwangusha, humwinua, hubadilishana naye jezi, mwaka ujao huenda wakalala chumba kimoja. Shabiki hubaki na wenzake, upande wao, na nyimbo zao. Yeye ana udugu wa meza na hana mpinzani wa kugusa, ana jina la adui tu. Hao ndio Wasparta wa kweli wa viwanja vyetu, wakitafutwa kwa makini.

Kongo imeongeza jambo lake katika lugha. Mpira uliazima maneno ya jeshi. Jeshi nalo limeazima maneno ya nyumbani. Mwaka 1996 na 1997 watoto waliobebeshwa bunduki katika safari ya AFDL kutoka mashariki hadi Kinshasa waliitwa kadogo. Kiambishi ka- cha udogo, kilicho hai sana katika Kiswahili cha Kongo, ni cha mapenzi: ndivyo mama anavyomwita mwanawe wa mwisho, ndivyo kaka anavyomwita mdogo wake. Mtoto aliyeondolewa kwenye sufuria ya mama yake alipewa bunduki pamoja na jina la kwao, naye akaamini kwamba amepata ndugu. Kikoa kile hakikuwa na zamu. Aliyepandishwa mti siku zote alikuwa yeye.

Kwa wanafunzi wanaokusanya msamiati wa michezo kwa ajili ya tasnifu zao, ipo kazi hapa ambayo bado haijafanywa: kuhesabu, katika magazeti na matangazo ya Lubumbashi, Bukavu, Goma na Dar es Salaam, ni lini mpinzani anaitwa mtani, ni lini anaitwa hasimu, na ni nani anayemwita hivyo. Wasiliache pia neno marudiano. Mwaka 1967 Englebert na Asante Kotoko ya Ghana zilitoka sare mara mbili katika fainali ya kombe la vilabu bingwa vya Afrika, 1–1 na 2–2. Kotoko haikufika kwenye mechi ya tatu, na kombe likapewa Englebert. Katika mashindano ya mwaka 1970 timu hizo hizo zilikutana tena fainalini. Kumasi walitoka 1–1, na Kinshasa, mbele ya watu waliokuja kumwona mgeni akifungwa, Kotoko ilishinda 2–1 ikaondoka na kombe.